Hisa za Malori Yaliyolala

Wakulima wa kahawa wa kijijini kwetu, mlimani juu ya Sekei, walikuwa na kampuni yao ya usafirishaji. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, na kumiliki kampuni kulionekana ustaarabu. Mali yake ilikuwa malori mawili: moja bovu, jingine bovu zaidi. Hisa zake hazikuwa na mnunuzi. Muumini mmoja aliwahi kutoa yake sadaka. Mchungaji akamrudishia kwa upole.

Ndipo ukaja uvumi kwamba tajiri mmoja wa Kihindi, mwenye duka mjini, anataka kuinunua kampuni yote, na kila mwenye hisa atalipwa vinono. Malori hayakusogea hata hatua, lakini bei ya hisa ilipanda mbio. Waliozikataa bure sasa walizigombania mlangoni mwa kanisa, baraka haijapoa. Tajiri akionekana mitaa ya Lemara, bei inapanda. Asipoonekana, inapanda zaidi. Eti yuko benki.

Mama yangu, mjane mwenye akili timamu katika mambo mengine yote, akamwendea mwenyekiti wa kampuni, mdogo wake marehemu baba.

"Shemeji, ni kweli tunanunuliwa?"

"Aa, shemeji, mimi siruhusiwi kusema," akajibu, akatabasamu.

Tabasamu lile lilitugharimu mtamba. Mama alimuuza, akanunua hisa. Hakujiuliza kwa nini mtu mwenye siri tamu hivyo alikubali haraka kumuuzia za kwake.

Hatimaye tajiri akaja. Tulimpokea kama gavana. Akazunguka malori, akapiga teke gurudumu, akauliza kama tuna betri ya kuuza. Betri tu. Alipoambiwa iliuzwa zamani, akashukuru, akaenda zake.

Kufika jioni, hisa zilifaa kuwashia moto. Mwenyekiti, kwa bahati ya ajabu, hakuwa amebaki na hata moja. Alikuwa anaezeka nyumba kwa bati jipya.

Mama hakupiga kelele. Alibeba mkeka na blanketi, akahamia chini ya bati lile.

"Karibu, shemeji," akasema mwenyekiti. "Lakini utaondoka lini?"

"Nasubiri faida."

Akasubiri, akila loshoro yao ya mahindi na maziwa mgando kwa adabu zote, mpaka mke wa mwenyekiti akachoka na kumwamuru mumewe atoe chochote. Akatoa ndama dume, mwembamba, mwenye makengeza.

Mama alimswaga hadi nyumbani, akamfunga, kisha akalala mchana kutwa. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Nilimfunika kwa kanga, nikaenda kumkatia ndama majani.