Fundi wa Mfereji wa Ziba

Zamani mfereji wetu hapa Ziba tuliuzibua kijiji kizima kwa majembe na nyimbo. Siku hizi umesakafiwa zege, na nyimbo zimekufa. Sikutaka kumpenda fundi aliyeusakafia, mwanamke mfupi mwenye kucha zilizoliwa na saruji. Kila kipande kilipokauka alikimwagia kikombe cha maji, akachuchumaa kutazama yanaelekea wapi. Kwenye kipande cha mwisho maji yalirudi nyuma. Jaruba la mpunga la mjane Nyamizi, lililo mkiani mwa mfereji, lingekosa maji tena. Fundi akakivunja kipande hicho kwa nyundo.

"Dada, saruji yote hiyo!" msimamizi wake alifoka. "Ramani inasema sawa."

"Basi iambie ramani impelekee bibi maji."

Mara ya mwisho nilimwona fundi jarubani kwa Nyamizi, maji yakimfika vifundoni. "Shikamoo, babu," alisema kama kila asubuhi. Siku hiyo niliitikia.