Siku Nilipoombwa Nywele Zangu Mwaloni

Jamani, hii nawasimulia ninyi tu, maana hata mume wangu nilimwambia nusu. Mimi ni nesi, na mwaka juzi nilichukuliwa kusaidia utafiti kwenye machimbo ya jirani na Kharumwa, kupima kama zebaki wanayokamatia dhahabu inaingia mwilini mwa kina mama, na kipimo chenyewe ni nywele kidogo za kisogoni, basi. Tulifundishwa: kwanza mweleze mtu zinakwenda wapi, zitafanywa nini, na kwamba anaweza kukataa. Sasa jua kali, kina mama wamejaa mwaloni, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu, nami (mjanja wa Shinyanga mjini) nikaona nifupishe. "Msiogope, kamati ya maadili ya utafiti imesharuhusu, tunakata tu!"

Mmoja wao, Mama Kabula, akanyanyuka kwenye karai lake. "Kwani nywele zangu zinaota kichwani mwa hiyo kamati?"

Akanisogelea, akaniita mayu, yaani mama.

"Huku nywele za mtu hazibebwi hivi hivi, mayu. Anza wewe, tuone."

Tatizo ni kwamba kichwani nilikuwa na wigi (la wifi yangu, tena nimeazima!) na chini yake nywele zimekatika vibaya. Nikajiumauma, na kadiri nilivyosita ndivyo minong'ono ilivyozidi, mmoja akasema huyu katumwa na mganga, wengine wakaanza kuondoka, nikaona utafiti mzima unanifia mikononi, nikainama. "Haya, kata." Mama Kabula akashika, akavuta, wigi lote likabaki mkononi mwake.

Akapiga yowe, akalitupa kwenye tope. Walicheka mpaka wa kwenye karasha la kusagia mawe wakazima mashine waje kuona! Nami na viraka vyangu nikajikuta nacheka, machozi yananitoka, nikakaa chini kati yao nikaeleza upya, na maswali yakaja ambayo hata mimi nikatamani majibu yake: zikibaki mtazipeleka wapi? Mkikuta sumu mtatuambia, au mtaondoka nayo? Na waume zetu wataambiwa? Niliyoyajua nikajibu, mengine nikampigia daktari wetu simu palepale, wote wanasikia.

Wengi wakakubali. Mama Kabula akatikisa kichwa. "Yaya." Yaani hapana.

"Naomba tu kujua, mama, kwa nini?"

"Si umesema naweza kukataa? Nimekataa."

Nikamshukuru. Tangu hapo, popote ninapotumwa, neno la kukataa nalitamka kwanza, mkasi ukiwa bado kwenye begi.