Banda Lisilo na Jiko Wala Kitanda

Mayaka, fundi cherehani wa Isebania, alikuwa na maradhi ambayo hakuyatafutia dawa. Kitu chochote chenye picha kilichotoka Ujapani kilimfuata nyumbani.

Alishonea kwenye baraza la duka moja la nguo na vyombo, mahali malori yalipopumzika kabla ya kuvuka mpaka kwenda Sirare. Kila jora la kitambaa lilikuja na karatasi iliyobandikwa mbele yake, imechorwa kwa rangi zinazoimba: msichana mwenye mwavuli, samaki mwekundu, chui anayecheka. Mwenye duka alizibandua na kuzitupa. Mayaka aliziokota. Masanduku ya vikombe nayo yalipofunguliwa, kila kikombe kilikuwa kimeviringishiwa ukurasa wa gazeti la michoro, na humo vijana wenye macho makubwa kama visahani walikimbia, walilia, waliruka mito. Mayaka alizikunjua kurasa hizo moja moja, akazipiga pasi ya makaa kwa upole ambao hata suti ya bwana harusi haikuupata. Madereva wa malori walipoujua udhaifu wake, walianza kumletea na vitu vya bati: nyani anayepiga ngoma, bata anayetikisa mkia, na mtu wa bati mwenye macho mekundu ambaye ukimtia ufunguo hutembea huku akilalamika tumboni.

"Nilidhani nimeolewa na fundi," mkewe Bosibori aliwaambia wageni. "Kumbe nimeolewa na ghala."

Lakini ni yeye aliyemfundisha kulipanga hilo ghala. Mwanzoni Mayaka alibandika picha ukutani kwa uji mzito wa muhogo. Mende waliupenda uji ule. Asubuhi moja wakakuta msichana mwenye mwavuli ameliwa kabisa, umebaki mwavuli.

"Tia pilipili," alisema Bosibori.

Akatia. Mende wakahama, Bosibori aliapa kwamba walihamia kwa jirani yao Phelesia. Kisha mchwa wakaanza kuchungulia kutoka kwenye udongo wa ukuta, na Mayaka akaacha ukuta kabisa. Picha ndogo akazibandika kwenye mbao za masanduku. Kurasa za michoro akazishikiza kwa sindano na uzi juu ya vipande virefu vya kitambaa cha marekani, akavitundika kama mapazia. Vitu vya bati vilipata rafu yao. Na vyote alivipanga kwa njia pekee aliyoijua, kama alivyopanga nyuzi zake: vyekundu na vyekundu, vya bluu na vya bluu, hadi chumba cha mbele kikawa upinde wa mvua uliokaa chini kupumzika.

Watu walikuja kutazama. Walisimama mlangoni, macho yakazoea kiza cha dirisha dogo, kisha kicheko kikaanza. Kicheko hicho kilivuka uwanja hadi kwenye nyumba ya Mzee Nyamweya, baba yake Mayaka, aliyekaa kwenye kigoda akikata kucha za mbwa wake au akijifanya anazikata.

Katika boma zima, mzee huyo ndiye pekee aliyekuwa hajaiona hazina ya mwanawe. Kwa Wagusii, baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni heshima wanayoiita chinsoni, na Wagusii waliohamia mpakani waliibeba pamoja na majembe yao. Tangu siku Bosibori alipoletwa, Mzee Nyamweya aliujua ukuta wa nyumba ile kwa nje tu. Aliujua vizuri. Alijua hata ulipokwaruzwa na mbuzi. Lakini cha ndani alikisikia tu, na kusikia ni njaa mbaya kuliko kutojua.

Basi Phelesia alipotoka humo siku moja mbio, kanga mkononi, alipita kwanza kwa mzee.

"Mzee wa kanisa, mna sanamu humu bomani! Lina macho mekundu. Limeshuka kwenye rafu likanijia!"

Jioni mzee akamwita mwanawe uwanjani.

"Mayaka."

"Naam, Tata."

"Nimesikia una mtu wa chuma."

"Wa bati, Tata."

"Anatembea?"

"Ukimtia ufunguo."

"Na macho yake yanawaka?"

"Yamepakwa rangi tu."

Mzee akatazama pembeni, kama mtu aliyeona ng'ombe mzuri mnadani Ogwedhi na hataki mwenye ng'ombe ajue. Kisha akakumbuka kwamba yeye ni mzee wa kanisa.

"Sabato hii tunampeleka Mokeira akaombewe," alisema. Mokeira alikuwa mtoto wa Mayaka na Bosibori, mzaliwa wao wa kwanza, na babu ndiye aliyepaswa kumbeba hadi mbele ya mchungaji. "Mimi sitambeba mtoto anayelala chini ya sanamu. Ijumaa jua lisizame kabla hujavichoma."

"Tata, hujaviona."

"Nitavionaje? Unataka niingie nyumbani mwako?"

Wote wawili wakatazama chini. Jambo hilo lilikuwa zito hata kulitaja.

Mayaka alirudi ndani akakaa katikati ya rangi zake. Kumnyima baba heshima hakuweza. Mtoto kupelekwa mbele ya kanisa mikononi mwa mtu mwingine, babu yake akiwa hai na mwenye nguvu, ingekuwa aibu isiyofulika. Na kuvichoma? Akamtazama yule bata wa bati. Bata akamtazama.

Asubuhi ya Ijumaa Bosibori alitoka na ungo wa mtama, akaanza kumwagia kuku mmoja karibu na kigoda cha baba mkwe. Mkazamwana habishani na baba mkwe, wala hamtazami usoni. Kuku ni jambo jingine.

"Wewe kuku," alisema kwa sauti ya kufika mbali, "nakuuliza wewe. Kule Ogwedhi, ng'ombe anahukumiwa akiwa zizini gizani? Si hutolewa nje, akatembezwa, watu wakamwona kwato na meno? Ndipo wakasema huyu ni wa kuchinja, huyu ni wa kufuga. Au huko kwenu kuku mnachinjwa kwa kusikia?"

Kuku akadonoa. Mzee Nyamweya akakohoa mara moja, akaendelea na kucha za mbwa.

"Umeongea nini na kuku?" Mayaka alimuuliza mkewe mlangoni.

"Kuku amenielewa. Wewe je?"

Wakaanza kutoa. Mbao walizipanga chini, zikiegemea ua wa minyaa. Mapazia ya marekani waliyatundika kwenye kamba za kuanikia nguo, kutoka ghala la nafaka mpaka kwenye mti wa mparachichi. Vitu vya bati vikapangwa juu ya mkeka. Na jua la asubuhi lilipopanda, Mayaka mwenyewe akasimama, mikono ikining'inia. Miaka yote hiyo alikuwa amevitazama kwa mwanga wa dirisha lisilopita upana wa bega. Hakujua kwamba samaki yule alikuwa na magamba ya dhahabu. Hakujua kwamba anga nyuma ya msichana mmoja lilikuwa la rangi ya waridi, rangi ya saa ambayo mtu huamka na kushukuru bila kujua kwa nini.

Mzee Nyamweya aliinuka. Alivaa kofia yake ya mnadani, akachukua fimbo, akaanza kupita polepole kando ya ua, kama apitavyo mbele ya mifugo ya watu. Mayaka alimfuata nyuma.

Mzee akasimama.

"Nani kamweka chui huyu karibu na mbuzi?"

"Rangi zao zinafanana, Tata."

"Rangi!" Mzee akageuka kumtazama kana kwamba amemzaa jana. "Umewapanga kama nyuzi. Hawa ni viumbe. Mwondoe hapo. Na ndama yule, mama yake yuko wapi? Yule kule mwisho? Mbona umewatenganisha?"

"Mama ni mwekundu, Tata, na ndama ni…"

"Mpe mama yake."

Mayaka akambebea ndama ubao wake hadi kwa mama. Chui akahamishwa mbali, peke yake, karibu na mtu wa bati. Mzee alimkagua mtu wa bati, akamgusa kichwani kwa ncha ya fimbo, akarudi nyuma.

"Mtie ufunguo."

Akatiwa. Akatembea juu ya mkeka akilalamika, akafika ukingoni, akaanguka kifudifudi, miguu bado ikipiga hewa. Mzee akajizuia. Mabega yake yakaanza kutikisika, kisha tumbo, kisha kicheko kikamtoka kikubwa hata kuku wakatawanyika.

"Sanamu gani hii isiyoweza hata kusimama! Nani ataisujudia? Phelesia alimkimbia huyu?"

"Kanga mkononi," Bosibori alimwambia mtoto mgongoni, kwa sauti ya kusikika.

Kwenye kamba, mbele ya kurasa za michoro, kicheko cha mzee kilikoma. Alikuwa ameinama, pua karibu na karatasi. Hakujua kusoma, Maandiko aliyashika kwa masikio.

"Huyu kijana," alisema, "ni yuleyule wa kule."

"Wamefanana tu, Tata. Wote wana macho makubwa."

"Nimechunga tangu sina meno ya mbele, unifundishe kutambua uso? Ana nywele zilizosimama hapa nyuma. Na kiraka gotini, wewe fundi hukukiona? Huyu yuko hapa, yuko pale, na yuko kule kwenye bluu. Amepoteza mnyama. Tazama, hapa anamwita. Ndama wake amepotea."

"Ni farasi, Tata."

"Ndama wa farasi si ndama?"

Mayaka alisogea. Kiraka kilikuwepo. Alikuwa amezipiga pasi kurasa zile kwa mkono wake, akazipanga kwa rangi ya wino, wala hakuwahi kuuliza kijana yule anakimbilia wapi. Akaleta wembe, akafumua nyuzi, akaanza kuzipanga upya mfululizo, kutoka kushoto kwenda kulia kama Biblia inavyosomwa. Haikwenda. Kijana alimpoteza mnyama kabla ya kuwa naye, akalia halafu ndipo akapigwa.

"Unamrudisha nyuma," alisema mzee. "Ukifuata ng'ombe aliyepotea unatazama nini? Unatazama vumbi. Vumbi liko wapi? Liko kulia kwake. Basi ametoka kulia. Anakwenda kushoto."

Zikapangwa kutoka kulia. Na kijana akaanza kutembea. Alitoka kijijini kwake, akavuka mto, akapanda mlima wenye theluji kichwani, akapigwa na wezi, akaamka, akaona alama za kwato. Bosibori alisogea na mtoto. Phelesia, aliyekuwa akichungulia juu ya ua, akazunguka na kuingia langoni bila kualikwa. Mzee aliwasimulia kwa fimbo, ukurasa kwa ukurasa, na pale wezi walipotokea aliwatukana kwa majina ya wezi halisi wa ng'ombe wa upande wa Narok.

Ukurasa wa mwisho ulimwonyesha kijana mbele ya mlango mkubwa uliofungwa. Baada yake palikuwa na kamba tupu.

"Alimpata?" aliuliza mzee.

"Sijui, Tata. Vikombe viliisha."

"Viliishaje?"

Ngurumo ikajibu. Wingu lilikuwa limepanda kutoka upande wa ziwa bila mtu kuliona, na upepo wa kwanza ukazinyanyua kurasa zote kwa pamoja. Wote wakaruka. Bosibori akakusanya mapazia, Phelesia akamkumbatia mtu wa bati kifuani bila kukumbuka kwamba anamwogopa, na mzee mwenyewe akabeba ubao wa chui chini ya koti, akikimbia kwa miguu yake mirefu ya uchungaji hadi mlangoni mwa mwanawe.

Hapo akasimama.

Akautoa ubao, akaupitisha kizingitini kwa urefu wa mikono yake. Mayaka akaupokea kutoka ndani. Mvua ikaanguka. Mzee hakukimbilia kwake. Alisimama uwanjani, kofia ikivuja, akitazama kiza cha mlango kilivyozimeza rangi moja baada ya nyingine. Mayaka alisimama upande wa pili wa kizingiti. Kati yao palikuwa na hatua moja ambayo hakuna aliyeweza kuipiga.

"Mayaka!" mzee aliita katikati ya mvua. "Mtoto nitambeba kesho. Sikia lakini. Nyumba ni nini?"

"Tata?"

"Nyumba ni jiko na kitanda. Pasipo jiko wala kitanda si nyumba. Zizi la ng'ombe wako naliingia, siliingii?"

"Unaliingia, Tata."

"Basi jenga. Paa zuri, nyasi za kutosha. Mbele uache wazi, mwanga uingie. Na mtu asije akathubutu kuchemsha hata chai humo!"

Akageuka, akaenda zake polepole, kama mtu asiyelowa.

Sabato Mokeira alibebwa na babu yake, akamtapikia koti lake jema, na mzee akasema hiyo ni baraka. Jumapili wakaanza kuchimba mashimo ya nguzo. Mayaka alipaka nguzo majivu na mafuta machafu ya malori kuwazuia mchwa. Picha zikapangwa kwa shauri la wawili: viumbe kwa ukoo wao, kama alivyotaka mzee, na ndani ya kila ukoo rangi zikitiririka kama nyuzi, kama alivyotaka fundi. Walibishana juu ya chui mpaka Bosibori akamwambia kuku kwamba chui atakaa juu, na watu wazima waende wakale.

Siku banda lilipokamilika, Mzee Nyamweya alifika na kigoda chake. Alivua kofia. Akainama kidogo, ingawa paa lilikuwa juu, akaingia. Tangu mwanawe aoe, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukaa chini ya paa alilojenga mwanawe. Alitazama nguzo, akagonga moja kwa kidole, akatingisha kichwa kwa kuridhika. Mayaka alisimama kando, hajui mikono aiweke wapi.

"Kaa," alisema mzee.

Akakaa. Bosibori akamkabidhi mumewe mtoto, na Mayaka akamkabidhi baba yake. Mzee akamgeuza Mokeira amwelekee kijana mwenye kiraka gotini, pale kulia, mwanzoni kabisa.

"Alikuwa na ndama," akaanza.

Mwisho wa kamba, baada ya mlango uliofungwa, walikuwa wameacha nafasi. Na barabarani, lori la vikombe lilikuwa likipiga honi kuomba njia.