Kuna Mwendo Sebuleni

Ujumbe wa kwanza ulinikuta Biharamulo, katika chumba changu cha kupanga, nikiwa nimekwama katikati ya sentensi. KUNA MWENDO SEBULENI. Nikacheka peke yangu. Mwendo ule ulikuwa wa mama yangu, kijijini Murusagamba, akienda kuchukua miwani yake juu ya redio.

Mwizi alikuwa ameng'oa paneli ya sola juu ya bati mchana kweupe, mama akiwa shambani anapalilia maharage. Nilipopata malipo ya kitabu changu cha kwanza, sikumnunulia kitenge wala mbuzi. Nilimpelekea fundi. Alifunga paneli nyingine, kisanduku chenye laini ya simu ndani yake, kijicho kwenye kona ya sebule, na king'ora juu ya mlango wa nyuma. Kijicho kingenitumia ujumbe kila mtu anapopita. King'ora kingelia mlango ukifunguliwa mama akiwa hayupo, mradi abonyeze kitufe chekundu kabla ya kutoka. Mama alimsikiliza fundi kwa heshima, kama anavyomsikiliza padri, kisha akauliza, "Na jirani akija?"

"Atapiga hodi," nilijibu mimi, kwenye simu ya fundi.

Mama akanyamaza. Najisifu kwamba kazi yangu ni kusikia watu wanaponyamaza. Siku ile sikusikia kitu.

Jirani yetu aliolewa kutoka ng'ambo, Burundi, mwaka uleule mama alioolewa. Tangu nipate akili namwona akitokea kwenye migomba asubuhi, anaingia mlango wa nyuma, anainama jikoni kwetu, anachota makaa ya moto kwenye kigae na kuondoka, mama awepo asiwepo. Viberiti vipo dukani, na hakuna aliyewahi kushindwa kununua. Moto ulikuwa sababu tu. Watu wanaopeana moto hawapigiani hodi. Hodi ni ya mgeni na ya karani wa serikali. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Nimeliandika hata katika kitabu, na wasomaji wakanipongeza kwa ukurasa ule.

Ujumbe ukaendelea kuja. Jumamosi tulikuwa tunakutana, waandishi vijana wanne watano, kusomeana miswada. Simu yangu ikawa inatetemeka mezani kama mende aliyelala chali.

"Mwacheni," akasema mmoja wao, "mama yake kapita tena."

"Riwaya hiyo inajiandika yenyewe," akadakia mwingine. "Sura ya tisa: mama anapita sebuleni. Sura ya kumi: mama anarudi."

Nilicheka kuliko wote. Halafu nikatoka nje nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Umepita sebuleni mara tisa tangu asubuhi. Unatafuta nini humo?"

"Umeniona?"

"Simu inaniambia. Hapa nashindwa hata kumaliza mstari."

Nilikuwa natania, au nilijiambia hivyo. "Haya," mama akasema. "Nimesikia."

Wiki iliyofuata, asubuhi, ukaja ujumbe wa aina nyingine. MLANGO WA NYUMA UMEFUNGULIWA. Nilikuwa nimeungoja ujumbe huo, nadhani hata kwa hamu. Nikampigia mwenyekiti wa kitongoji, nikamwambia mwizi yuko ndani sasa hivi. Lakini king'ora kilikuwa kimeshamtoa mwenyekiti nyumbani kwake. Kwetu anayesikia yowe akakaa, siku akilia yeye hatajibiwa. Kwa hiyo watu waliacha majembe na kuja na mapanga.

Walimkuta jirani ameketi sakafuni jikoni, mikono masikioni, makaa yametawanyika miguuni pake. Kiunoni alikuwa amefunga kitu kwenye kitenge. Mmoja akamwambia afungue. Mwingine akasema, "Mrundi ni Mrundi tu, hata azeekee hapa." Mama huyo mwenye wajukuu akafungua fundo mbele ya wanaume waliokulia uani kwake. Ndani mlikuwa na viazi vitamu vitatu vya kuchemsha, chakula cha mchana cha mama yangu.

Mwenyekiti akanipigia kunituliza. "Ni jirani yenu tu. Endelea na kazi."

Nami nikaendelea na kazi. Nilimpigia mama jioni. Hakulitaja, nami sikuuliza.

Baada ya hapo simu ikanyamaza kabisa. Hakuna mlango, hakuna mwendo. Wiki zikapita. Niliandika kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nilimaliza sehemu nzima ya riwaya na kuwasomea wenzangu, wakasema kuna utulivu mpya katika lugha yangu. Kila nilipompigia mama alisema yuko salama. Niliamini kisanduku kimefanya kazi yake, na utulivu ule niliuita amani.

Nilikwenda nyumbani wakati wa mavuno ya maharage, basi mpaka Ngara, kisha bodaboda kwenye barabara ile inayomvunja mtu kiuno. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa. Mama akaja kutoka ubavuni mwa nyumba, amekonda, ananifuta vumbi begani huku akiniuliza habari za safari, akanishika mkono kunizungusha nyuma. Jikoni, kando ya mafiga, palikuwa na godoro lake. Redio ilikuwa juu ya gunia la mahindi. Nguo zake zilining'inia msumarini, zinanuka moshi.

"Mama, unalala hapa tangu lini?"

"Tangu uliposema."

"Nilisema nini?"

"Kwamba nikipita sebuleni nakukatiza kuandika. Na chumbani siwezi kufika bila kupita sebuleni." Alisema bila kulaumu, kama mtu anayeeleza njia. "Huku nyuma kijicho hakioni. Nilimuuliza fundi."

Niliuacha mkono wake, nikasukuma mlango wa sebule. Vitambaa vya kufuma vilikuwa vimenyooka juu ya viti, na uzi wa buibui umetoka mguu wa meza hadi ukutani, mzima. Niliukata kwa goti. Simu ikatetemeka mfukoni mwangu. KUNA MWENDO SEBULENI. Mtu wa kwanza baada ya wiki nyingi, na mtu huyo ni mimi.

Nilianza kuomba msamaha pale mlangoni. Mama akanikatiza.

"La kwangu dogo. Nenda kwa mwenzangu. Hajakanyaga hapa tangu siku ile."

Tulikwenda wote wawili na kibuyu cha pombe ya ndizi, kama inavyotakiwa. Kibuyu kimoja, mrija mmoja, wenye ugomvi wanapokezana. Anayeugusa mrija kwa mdomo baada yako amekwisha kukusamehe. Nilimwamkia, akaitikia vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mimi ni mtoto wake, yaliyopita yamepita. Kisha akaingia ndani, akarudi na vikombe vitatu vya bati, akamimina pombe, kila mtu na chake. Mama alikishika kikombe chake kwa mikono miwili, hakunywa mpaka nilipomgusa.

Kesho yake nilipanda kwenye stuli, nikang'oa kijicho, king'ora na kisanduku. Nilirudisha godoro chumbani. Mama akafungua mlango wa nyuma na kuuegemeza jiwe usijifunge, akachochea moto mkubwa kuliko uliohitajika, akaketi.

Alikuja. Tulimwona akitokea kwenye migomba na kigae chake mkononi, nikaona mabega ya mama yakishuka. Akafika kwenye ukingo wa ua, pale tunapomwaga maji machafu, akasimama.

"Hodi hapa."

"Hodi ya nini?" mama akasema. "Pita, mama."

"Hodi."

"Moto uko palepale. Pita uchote."

"Hodi hapa," akarudia kwa upole, bila kusogea, macho yake yakiwa juu ya fremu ya mlango, kwenye matundu mawili ya skrubu.

Mama akasubiri. Kisha akainuka, akaenda kuchukua kigae mkononi mwake, akarudi kuchota makaa mwenyewe, akampelekea nje kama mtu anavyompelekea maji mpita njia.