Adrese moja, simu mbili: namna nilivuka ziwa kumutafuta Mapendo

Tulitoka kwetu Bagira watu watatu: miye Maman Cizungu, mujukuu wangu Neema (binti ya Espérance wangu), na jirani yetu Papa Zihindula, aliyekuwa anaenda kisiwa cha Idjwi kununua ananasi. Miye nilikuwa namufuata mudogo wangu Mapendo, anayeishi kule kule Idjwi. Kila nilipomupigia, simu haikupita, na roho ilikuwa inawaza mabaya tu.

Asubuhi, kwenye bandari, tulipanda boti ya Murhula. Neema akafungua ramani mu simu yangu: katone ka bluu kanatembea juu ya maji kama bata! Ramani, video, picha, barua, vyote ni vya kampuni moja, na mwana wangu Bahati njo alinifungulia adrese ya kuviingilia. Siku ile alimufungulia na Mapendo, kwa adrese ile ile yangu, juu ya uvivu wa kutengeneza ya pili.

Katikati ya ziwa Neema akaniuliza:

« Koko, weye uliuliza simu namna ya kutunza mbuzi anayekohoa? »

« Miye? Bagira hata kuku sina! »

« Lakini iko hapa, mu adrese yenu ya wawili. Mutu ameuliza leo asubuhi. »

Papa Zihindula akapiga makofi. « Maman, furahi! Ni mudogo yako. Mufu hatunzi mbuzi! »

Nikalia, nikacheka, vyote pamoja.

Saa ya chakula tulifika kwa Mapendo. Tulimukuta mulangoni, kitenge kipya, mufuko mukononi.

« Yaya! » akaniita, maana miye njo mukubwa wake. « Kumbe unatembea? »

« Nani alikuambia sitembei? »

« Simu! Kila siku naona umeuliza: goti linavimba, goti linauma, dawa ya goti. Nikasema, yaya yangu amelala kitandani. Njo maana nilikuwa nakuja! »

Karte yake ya simu ilianguka mu ziwa, na namba zetu zote ndani, akanunua ingine tupu. Tukakula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, na ndizi mpaka Neema akalegeza kitenge.

Wakati wa kurudi, Neema alitaka kutupa, miye na Mapendo, kila mutu adrese yake mwenyewe. Mapendo akamunyang'anya simu: « Acha vile! Unataka yaya anifiche magonjwa? »

Tukaacha. Nimejifunza kwamba ndugu anaweza kukusalimia bila kukuita. Jana Mapendo aliuliza namna ya kupika keki, kwa umri ule! Nikalala vizuri.

Weye uliyekuwa mu boti ile, kama mwenye boti hakuwa Murhula, ao nimemusahau mutu, unikosoe. Majina ya watu sipendi kuyaharibu.