Sanduku Linapumzika Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ghala la jumba moja la makumbusho hapa Stockholm, mkuu wa ghala alichungulia mlangoni akasema, "Fika!" Mimi, Mrundi mwenye Kiswahili cha Bujumbura, nikaduwaa. Nifike wapi tena, na koti nimeshalitundika? Kumbe Waswidi huita hivyo mapumziko ya kahawa na andazi. Kahawa yao niliizoea, na kazi nikaijua barabara, enyi vijana wa mtaa wetu huu wa Norsborg mnaodhani nilikuwa nafagia.

Nilikuwa mfungaji. Mfungaji huandaa vitu vya kale kwa safari: anakata sponji kwa umbo la kitu, anakilaza ndani ya sanduku la mbao, anakaza skrubu. Baadaye mkuu wa makusanyo, mwanamke asiyecheka ovyo, akanifanya msindikizaji, yaani mtu anayesafiri na sanduku na haliachi mpaka lifunguliwe. Aliniambia, "Wewe una Kifaransa. Ngoma inakwenda Ufaransa. Ukiwa huko, neno lako ni neno langu."

Ilikuwa ngoma ya kwetu, ya ngozi ya ng'ombe, kongwe kuliko babu yangu. Tuliisafirisha kwa lori katika baridi kali hadi kwenye makumbusho ya sayansi na tamaduni za binadamu, katika mji mmoja wa Ufaransa. Jengo zuri jamani, vioo vitupu, na ukumbini mifupa ya tembo wa kale imesimama wima. Sikupata nafasi ya kushangaa. Mkurugenzi wa maonyesho alikuwa ananingoja.

"Madamu, tulifungue sasa hivi. Wageni wanaingia kesho jioni."

"Sanduku linapumzika kwanza," nikamjibu.

Ndivyo tunavyosema. Sanduku lililotoka kwenye baridi huachwa chumbani limefungwa, mchana na usiku, lizoee joto polepole. Ukilifungua kwa pupa, ngozi inajikunyata na kupasuka. Mkurugenzi aliijua kanuni hiyo vizuri tu, ila wageni walikuwa wamemtia kiwewe.

"Saa chache zinatosha. Fundi, lete bisibisi!"

Fundi akaja. Ngozi ile ikipasuka hakuna wa kuishona. Nikavuta kiti, nikakiegemeza kwenye upande wenye skrubu, nikaketi.

Mkurugenzi akampigia simu mkuu wangu wa makusanyo, akafungua spika ili sote tusikie. "Msindikizaji wako amegoma!"

"Anasemaje?"

"Eti sanduku linapumzika."

"Basi linapumzika," akasema yule mama, akakata simu. Nilivimba kichwa pale kitini, sikatai.

Tulilifungua kesho yake, wageni wakikaribia kuwasili. Nikaimulika ngozi kwa tochi, ukingo hadi ukingo. Haikuwa na ufa hata mmoja. Machozi yalinitoka.

"Nilikukasirikia, Madamu," mkurugenzi akasema.

"Niliona."

Akacheka, akanishika mkono, tukaingia wote kwenye maonyesho.

Sasa nimestaafu, na ngoma imerudi kwenye ghala la hapa Stockholm. Mjukuu wangu huniuliza, kwa Kiswidi chake, kama hainiumi kwamba miaka yote nilitunza ngoma yetu katika nyumba ya watu. Inaniuma, namwambia. Lakini siku itakaporudi Burundi na wenyewe wakaipiga, italia kwa sauti, maana ngozi yake haina ufa.