Jangwa Lililooshwa kwa Karai

Jangwa sijawahi kuliona. Ila nimecheza mpira kwenye uwanja wa shule yetu mwezi wa tisa, wakati ng'ombe wa jirani wameshamaliza majani mpaka mizizi, kwa hiyo jangwa nalijua, na nimelimeza la kutosha.

Nipo kidato cha tatu, upande huu wa Rwamgasa ambako kila nyumba ina mtu anayeshuka kwenye duara, lile shimo la wachimbaji, kutafuta dhahabu. Kwetu mtu huyo ni baba mdogo. Mimi darasani ninajulikana kwa kitu kimoja tu, utani. Nikinyoosha mkono kuuliza swali la kweli, watu wanaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Mwanzoni ilinifurahisha, baadaye ikaanza kunichosha.

Likizo niliona kwenye simu ya mama video ya mzee mmoja wa mbali anayeunda magari madogo ya jeshi ya plastiki na kuyapaka rangi kwa brashi nyembamba kama kope. Nikasema kazi yangu ndiyo hii. Vifaa vyake huku havipo, basi nikaanza na ndala. Soli ya ndala ukiikata kwa wembe inakuwa bodi nzuri sana ya kifaru. Juu yake nilibandika kifuniko cha kopo la mafuta ya kujipaka, na mrija wa peni iliyokwisha wino ukawa mzinga. Magurudumu ni vifungo vya koti la marehemu babu. Minyororo ya pembeni ndiyo ninayojivunia: nilikata vipande vya ile cheni nyembamba ya taimingi inayokaa ndani ya injini ya pikipiki. Fundi wa pikipiki alizitupa zilizochakaa, mimi nikaziokota.

Kanuni ilikuwa moja. Askari ana urefu wa njiti ya kiberiti, na kila kitu kinapimwa kwake. Kifaru, gari la deraya, lori la mafuta, vyote niliviwekea njiti pembeni, na kisicholingana nilikivunja. Lori nilivunja mara kadhaa mpaka mama akasema, "Sasa wewe unajenga au unabomoa?"

Rangi nilipata mabaki ya ile ya krimu waliyopaka ukuta wa kanisa la kigango, nikachanganya na udongo wa njano. Ikikauka, unapitisha oili chafu iliyolegezwa kwa petroli. Inaingia kwenye mikunjo, na gari la asubuhi ile linaonekana limepigana miaka. Halafu unachovya mswaki wa zamani kwenye rangi nyeupe, unaufuta karibu wote, unapapasa kingo tu.

Vyote nikavipanga juu ya jangwa la mchanga, nikapiga picha, nikampelekea darasani mwalimu wa taaluma, yule anayepanga meza za siku ya wazazi. Alizitazama muda mrefu, akitafuta mzaha ulipo.

"Nusu meza," akasema. "Jumamosi asubuhi nikikuta haijakamilika, nusu hiyo namwongezea mwenzako anayetengeneza volkano. Wewe sijawahi kukuona ukimaliza kitu."

"Nitamaliza, mwalimu."

"Na huo mchanga wako, kila punje ni kubwa kuliko kichwa cha askari. Hilo ni jangwa au machimbo ya kokoto?"

Darasa likacheka. Mara hii mimi sikucheka. Jumamosi nilitaka wazazi wote na walimu wote wakute kitu nilichokimaliza, wabaki kutazama. Mchanga niliuacha ulivyo, maana ulishashika. Nilikuwa nimeumwaga juu ya ubao wa kitanda kibovu, nikaulowesha kwa gundi ya mbao. Ulikuwa mgumu kama sakafu, na kwenye jua unametameta vizuri.

Kumetameta ndiko kulikoniponza. Alhamisi jioni baba mdogo alitoka kazini, akasimama juu ya jangwa langu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Huu mchanga umeutoa wapi?"

Ningesema mtoni tu, yakaisha. Lakini mdomo wangu ni huu. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Kuna sehemu. Siwezi kusema."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu mzima aliyeelewa.

Ijumaa tuliachiwa mchana. Nilipofika nyumbani nikasikia twanga, twanga, nikajua mama anatwanga kisamvu. Kumbe mama alikuwa kasimama mlangoni, mikono kiunoni. Vifaru vyangu vilikuwa vimepangwa kwa heshima ndani ya ungo. Ubao ulikuwa mtupu. Nyuma ya jiko baba mdogo alikuwa amechuchumaa na karai la maji, akizungusha mchanga kama wanavyoosha machimboni, na pembeni yake kinu chetu, mdomo mweupe kwa vumbi.

"Kinu changu!" mama akasema. "Kisamvu cha leo tutatafuna mchanga."

"Shemeji, subiri. Ni mwamba wa dhahabu huu," akajibu bila kuinua macho. "Mgumu gete, mgumu kweli. Nimeupiga mpaka umekuwa unga. Ila sielewi, mbona unatoa povu?"

"Ni gundi, baba mdogo."

"Nani anatia gundi kwenye mchanga?"

"Mimi."

"Si ulisema kuna sehemu?"

"Ni mtoni. Pale tunapooga."

Alitazama karai, akanitazama mimi, akatazama povu. Mama alianza kucheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa nahesabu gundi. Ilibaki ya kufunika kiganja, na kesho yake ndiyo Jumamosi. Nilimwona kabisa yule wa volkano akitandaza kitambaa chake upande wangu.

Nikavua shati la shule.

"Mama, unga wa muhogo upo?"

"Upo. Unataka ugali saa hizi?"

"Nataka gundi."

Alikoroga uji mzito mwenyewe. Baba mdogo hakuambiwa kitu. Alimwaga maji taratibu, akatandaza mchanga juu ya bati kwenye jua, akawa anaugeuza kwa kiganja kama anaanika dagaa. Ulipokauka nikachukua njiti yangu, nikaiweka juu yake. Nikainama. Punje hazikuonekana. Ulikuwa laini kama poda, na pembeni ya askari, kwa mara ya kwanza, ulifanana na jangwa lenyewe.

Nikaanza kazi. Nilipaka uji wa muhogo kwenye ubao kwa ufagio mdogo, nikachekecha mchanga juu kwa kitambaa cha chandarua, nikapuliza kwa mrija wa peni mpaka vikatokea vilima na mistari ya upepo. Kabla haujakauka nikakanyagisha cheni za kifaru, zikaacha njia nyuma yake. Baba mdogo alishikilia bati kutukinga na upepo, akilihamisha mkono huu na huu. Nilipomwambia apumzike alisema, "Maliza."

Jua lilipozama, jangwa lilikuwa limeshika.

Asubuhi tulilibeba wawili, kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma. Mwalimu wa taaluma aliinama kwenye nusu meza yangu mpaka pua ikakaribia kugusa mzinga. Akaangalia alama za cheni. Akaangalia mchanga.

"Umebadilisha."

"Ndiyo, mwalimu."

"Umemaliza," akasema, akaenda kwenye volkano.

Wazazi wakaanza kufika. Hawa ni watu wa huku, kwa hiyo kifaru walikitazama kidogo, mchanga wakautazama sana. Baba mmoja alichota kidogo kwa vidole, akausugua kiganjani, akaugeuzia jua.

"Kijana, huu umeutoa wapi?"

Jibu lilishafika kwenye ulimi, zuri kupita kiasi. Nikalimeza.

"Ni jangwa tu, mzee. Shikamoo."

Hakuridhika. Akasogea mwingine, na mwingine nyuma yake, vidole vimetangulia. Hapo baba mdogo akasimama mbele ya meza na shati lake la kanisani, akatanua mikono.

"Jamani, tazameni magari ya mtoto. Mchanga msihangaike nao," akasema. "Nimeuosha mimi mwenyewe. Hamna kitu."